Kiboko na Uzi wa Dirishani

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa wapi?
— Pakawa pale tuliposahau!
— Basi kaeni vizuri niwakumbushe.

Leo siwapeleki porini. Nani kasema wanyama wa hadithi lazima wakae porini? Mimi Bi Mashavu ni fundi wa kompyuta, bisibisi yangu hii hapa, na kisa changu kilitokea ndani ya kompyuta.

"Bi Mashavu, sasa kiboko ataingiaje humo?"

Aliingia akiwa mdogo. Nyamaza usikilize.

Katikati kabisa ya kompyuta kulikuwa na kijiji kinaitwa Kiini. Vyumba vyake vilikuwa vichache, na vyote vinafanana, hujui kipi cha nani. Mtu akitaka chumba anapewa. Anafunga uzi kwenye chumba, ncha ya pili anajifunga mguuni, na akimaliza kazi anaufuata uzi wake mpaka nyumbani. Akihama anakirudisha chumba. Lakini wengine walikata uzi wakaenda zao, hawakurudisha kitu. Chumba kikabaki hivyo hivyo: mwenyewe hayupo, na mwingine hapewi. Wenyeji wakisema, "Kile kimevuja." Vilipovuja vingi kijiji kikajaa pomoni, na kompyuta nzima ikakoroma, khooo! khooo! ikazimika.

Ndipo wakamchagua Kiboko awe mkaguzi. Avunje vilivyovuja, na kilichomo ndani kiwe chake. Chakula kiwe chake! Mtu mzima anakubali neno kama hilo? Walikubali, tena walipiga makofi.

Kiboko akatoka. Pu! Pu! Pu! Akafika kwa Kobe.

"Uzi mlangoni upo?"

"Upo dirishani, mzee. Mlango wangu umeota kutu."

"Nimeuliza mlangoni. Haupo. Kimevuja!"

Bwaa! Akavunja, akabeba mboga zote za Kobe.

Pu! Pu! Pu! Akafika kwa Mjusi.

"Uzi mlangoni upo?"

"Umepita chini ya kizingiti, mzee. Inama kidogo tu utauona."

"Mimi siinami. Haupo. Kimevuja!"

Bwaa! Akabeba na mtama wa Mjusi.

Kutwa nzima ikawa kimevuja, kimevuja, mpaka watu wakaacha kugeuka. Na chumba cha Nyigu, aliyehama mwaka juzi akakata uzi wake, chumba kilichovuja kwelikweli, Kiboko alikipita kila siku. Kilikuwa kitupu, angekula nini?

Adhuhuri moja akafika kwa Sange. Mnamjua sange? Kale kanyama kenye pua ndefu kama mrija, kanakokimbia kama kamechomwa na moto. Alikuwa amepewa chumba dakika ile ile. Amewaingiza watoto wake watatu ndani, uzi bado uko mdomoni, anatafuta pa kuufunga.

"Uzi mlangoni upo?"

"Huu hapa mdomoni! Ndiyo kwanza naufunga!"

"Ya mdomoni siyajui. Haupo. Kim..."

"We Kiboko, ndani mna watoto wangu!"

"Wangekuwa na mwenyewe, uzi ungekuwepo," Kiboko akasema, akainua mguu.

Sange aliogopa, nisiwadanganye. Lakini alikuwa na hasira kuliko woga. Akakumbuka jambo ambalo kijiji kizima kililijua na hakuna aliyethubutu kulitamka. Kiboko alikuwa amejaza chumba chake vya watu mpaka mlango haufunguki. Anaingilia dirishani, na uzi wake kaufunga huko huko dirishani.

"Haya, vunja," Sange akasema. "Utapata nini? Vitoto vitatu vyembamba. Na kule mbele kuna chumba kimejaa mpaka darini, mlangoni hakina uzi hata wa dawa. Ukichelewa shauri yako."

Kiboko akashusha mguu. "Kiko wapi?"

"Nifuate."

Wakaenda, Sange mbele tiki-tiki-tiki, Kiboko nyuma pu! pu! pu! Sange akamzungusha njia ya mbali, akamtokeza upande wa mlangoni, ambao Kiboko hakuupita siku nyingi. Uzi wa Kiboko ulikuwa umefungwa mguu wa nyuma, na shingo yake nene ile haigeuki. Njiani Sange akaita, "Njooni mshuhudie!" Wote wakaja.

"Uzi mlangoni upo?" Sange akauliza.

"Haupo!"

"Labda uko dirishani?"

"Dirishani siangalii!"

"Labda zunguka mara ya pili, mzee."

"Mimi narudia? Kimevuja!"

BWAA! Chumba chote chini. Zikamwagika mboga za Kobe, ukamwagika mtama wa Mjusi. Hapo hapo Kiboko akasikia uzi unalegea mguuni. Akauvuta, akavuta, ukaja na kipande cha dirisha.

"Mama yangu! Chumba changu! Uzi ulikuwepo!"

"Ulikuwepo wapi?" kijiji kikamuuliza.



Kila mtu akachukua chake. Ukaguzi akapewa Kobe. Kobe anaangalia mlangoni, anaangalia dirishani, anainama kizingitini, anauliza, "Mdomoni je?" Chumba kipya anakipa muda wa kupumua, halafu anazunguka tena upya. Wiki nzima alisema "kimevuja" mara moja tu, na watu wote wakageuka. Kilikuwa cha Nyigu.

Hicho ndicho Kiboko alichokiomba, maana hakuwa na pa kulala. Sange mwenyewe akamletea uzi.

"Shika mdomoni mpaka nikuonyeshe pa kuufunga. Na usiuachie. Chumba kisicho na uzi unajua kinavyofanywa."

"Mmmm," Kiboko akaitika.

Sange hajamwonyesha mpaka leo. Ile sauti mnayoisikia kompyuta ikiwaka, mmmmm, mkidhani ni feni, ni yeye huyo.

Hadithi yangu nimeifunga mlangoni, nimeifunga na dirishani, anayebisha aje avunje. Na fundisho lake ni hili: mkubwa akisema hakuna, basi hakuna, msimwambie aangalie tena. Mimi nilimwambia mmoja hivyo, akanitoa ofisini, ndiyo maana mnaniona na bisibisi.