Kaburi la Mtungi

Jina la bibi halilali barazani. Mmelisikia neno hilo msibani leo, mkauliza asili yake. Methali hii ilianza hivi.

Kibwana Shemdoe alifiwa na mkewe, Mwanashumbe, alfajiri. Kabla ya kukata roho mke alimwomba jambo moja tu: azikwe alikolala mama yake, karibu na lile kaburi kuukuu lenye mtungi kichwani. La nani, barazani hakuna aliyejua. Watu waliliita kaburi la mtungi, basi.

Kibwana akapeleka ombi kwa Mwinyi Hatibu, msimamizi wa makaburi yale ya ukoo. Wenye madaraka ndivyo walivyo: jembe hawajalishika, lakini pa kuchimba wanapajua wao. Hatibu alikuja na silsila, karatasi ya majina ya ukoo, akaisoma barazani mbele za watu. Kombo alimzaa Shaha, Shaha alimzaa Hatibu.

"Pole, Kibwana. Mkeo hayumo humu. Mzike kule kwa wageni, kando ya barabara."

"Na mama yake aliyelala pale?"

"Huyo alizikwa kabla sijashika usimamizi. Zamani mambo yalikuwa holela."

Kibwana hakusoma hata darasa moja. Alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, macho makavu. "Umesoma wanaume watupu, Mwinyi. Hawa walizaana wenyewe kwa wenyewe?"

Mtu mmoja alitaka kucheka, akajikohoza.

"Undugu wa kikeni hauandikwi," Hatibu akasema. "Ndivyo tulivyokuta."

Wakati huo Mwalimu Dachi, wa kusoma dua kaburini, alikuwa mlangoni pa chumba alimokuwa akioshwa marehemu, anauliza jina la mama. Ndiyo desturi, maana maiti akisomewa talkini, yale maneno ya kumkumbusha imani, kaburini huitwa kwa mama yake, si kwa baba. Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mwanashumbe binti Tatu."

Kibwana akashtuka. Miaka yote amezika watu, na jina la mama hutajwa mara moja, kisha wanaume hulifukia pamoja na maiti. Akainuka, akasogea penye pazia. Muoshaji alikuwa Bi Rukiya, shangazi yake Hatibu, binti wa Kombo yule yule wa kwenye karatasi.

"Bi Rukiya, siku alipooshwa Tatu mlijibu binti nani?"

"Tatu binti Mwanamvua."

"Na siku ya marehemu baba yako?"

Ndani, maji yaliacha kumiminwa.

"Kombo wa Mwanamvua. Yeye na Tatu tumbo moja. Mama yao aliletwa huku mateka, na misafara ya pembe za ndovu. Akafinyanga mitungi mpaka akajikomboa, akafinyanga tena mpaka akakinunua kile kiwanja, wanawe wapate pa kulala. Kaburi la mtungi ni lake. Hatibu, unanisikia?"

"Nakusikia, shangazi."

"Basi na wewe pale umeingia kwa kikeni, mwanangu. Au twende sote kando ya barabara?"

Hatibu aliikunja silsila. Hakuomba radhi, wakubwa hawaombi. Ila siku ile jembe alilishika mwenyewe, akaanza kuchimba ubavuni pa Tatu.

Walipomaliza kuzika, Mwalimu Dachi alimfuata Kibwana. "Tuliandike sasa jina la Mwanamvua?"

"Liandikeni," Kibwana akasema, akijipangusa udongo wa mkewe mikononi. "Lakini mkilipoteza tena, msitusumbue sisi wa nje. Kaulizeni pale pazia lilipo. Jina la bibi halilali barazani."