Mshiriki Namba Saba

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, wauguzi walipoambiwa kwamba bila joho mtu hafundishi, palikuwa na nesi mmoja jina lake Tunsume. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anatazama simu.

Tunsume alifanya kazi wodi namba nne ya hospitali ya mlimani miaka ishirini na sita. Kila mwanafunzi wa uuguzi aliyeletwa kwake alimpokea kwa maneno mawili: "Lala kwanza." Mwanafunzi, na sare yake iliyopigwa pasi, alipanda kitandani asubuhi. Akalishwa uji uliopoa. Akageuzwa kama gunia. Akibanwa haja aliita, na Tunsume alikuwa ameshawaambia wote wasimwitikie haraka. Hivyo hivyo mpaka saa nane mchana. Akishuka hapo, hakumwambia tena mgonjwa "subiri kidogo" maisha yake yote. Wagonjwa wa wodi nyingine waliomba kuhamishiwa namba nne, hata wasio na ugonjwa wa namba nne.

Sasa Tunsume alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani, Sekela, binti wa kalamu nne mfukoni. Sekela akaenda kusoma shahada ya uzamili ya ualimu wa uuguzi, akarudi wodini amekumbatia madodoso.

"Shikamoo mama. Nafanya utafiti. Naomba unisainie fomu ya ridhaa."

"Marahaba mwanangu. Inasema nini?"

"Kwamba jina lako halitatajwa popote."

"Jina langu la nini? Lete hapa."

Tunsume huyo huyo, aliyewafokea wanafunzi miaka yote kwamba usisaini usichosoma, akasaini kwa mkono mmoja, wa pili umeshika chombo cha haja. Sekela akakaa miezi mitatu anaandika. Washiriki wa utafiti walikuwa saba. Sita walijibu, "Sijui, muulize Tunsume." Wa saba alikuwa Tunsume.

Tasnifu ikatoka, kurasa mia mbili na kumi. Lile "Lala kwanza" likaitwa Mkabala wa Ulazwaji Tangulizi. Maprofesa wakafurahi mno, maana kwao kitu chenye jina refu hakikosi ukweli. Sekela akavaa joho, akapiga picha na ukoo mzima. Na ndani ya tasnifu, kila ukurasa: "Mshiriki Namba Saba anasema." Jamani! Mtu anasema kurasa mia mbili na hana jina!

Ndipo ikaja kanuni. Baada ya miaka mitatu, ilisema, asiye na uzamili hafundishi uuguzi, si darasani, si wodini. Tunsume akajishika kiuno. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kitu kimoja tu alichokitaka duniani kilikuwa kuitwa Mwalimu. Kumkataza huyo kufundisha ni kumkataza kuku kuchakura.

Basi naye akaenda kusoma. Miaka miwili alikaa benchi moja na vijana ambao mama zao aliwazalisha yeye. Wodi alimwachia Lugano, nesi mwenzake, mtu wa maneno machache, akawa ndiye anayewalaza wanafunzi na kuwageuza. Tunsume akajifunza kompyuta kwa machozi. Akaandika kile anachokijua: namna ya kumfundisha nesi kwa kumlaza.

Siku ya kutetea tasnifu jopo likaketi. Mwenyekiti, ambaye ndiye pia mkuu wa chuo, akavua miwani.

"Mama, kompyuta inasema asilimia sitini na moja ya kazi hii umemwibia Sekela."

"Nimwibie? Yale ni maneno yangu!"

"Yangekuwa yako ungeonyesha ulipoyatoa."

"Nimeyatoa mdomoni! Mimi ndiye Mshiriki Namba Saba!"

"Thibitisha."

Akaitwa Sekela. Hakuwa mbali, kwani chuo kilikuwa na nafasi moja ya mkufunzi, na barua yake ya maombi ilikuwa pale pale mezani kando ya ile ya Tunsume. Akasimama, macho chini.

"Niliapa kutunza siri ya washiriki. Orodha ya majina niliichoma, kama kanuni inavyotaka. Siwezi kusema ndiye, siwezi kusema siye."

"Sekela! Mimi mwenyewe nakuruhusu useme!"

"Mama, nikikubali kwamba wewe unaweza kuniruhusu, nitakuwa nimeshasema wewe ni nani."

Jopo lilipenda sana jibu hilo. Wawili waliliandika.

Uchungu ukampanda Tunsume mpaka masikioni. Akifeli hapa, hataruhusiwa kumfundisha mtu hata kufunga kidonda. Akapiga meza: "Mwiteni Lugano! Yeye alikuwepo tangu siku ya kwanza!"

Lugano akaja mbio, glavu bado ziko mkononi.

"Mtu wa kwanza kulazwa alikuwa nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi, mheshimiwa. Nilikuwa mwanafunzi, nikamcheka mgonjwa aliyejikojolea. Sista Tunsume akanishika sikio, akasema lala hapo mpaka nikukumbuke. Akanisahau mpaka saa nane."

"Mmesikia!" Tunsume akatabasamu.

"Na mimi nikajikojolea," Lugano akaendelea. "Niliposhuka nikamwambia: Sista, heri kila mwanafunzi angelala hapa kwanza kabla hajamgusa mgonjwa. Akanijibu, nyamaza, kabadili suruali. Kesho yake akaanza kuwalaza wote."

Tabasamu likamkauka Tunsume. Alikumbuka. Alikumbuka hata rangi ya suruali. Na katika kurasa zake mia na themanini hakuna Lugano, hata kwenye tanbihi.

"Nafasi ni moja," mwenyekiti akasema, "na leo inapata mtu. Semeni."

Sekela akasema: "Mimi ndiye niliyeandika. Bila kalamu yangu jambo hili lingezikwa pamoja na mwenyewe. Sasa linasomwa hata na wasiotujua."

Tunsume akasema: "Mimi ndiye niliyelaza. Lugano nimemkosea, nakiri mbele yenu, na aibu ninayo. Lakini wazo lake lingekauka pamoja na suruali yake kama si mimi kuamka nalo kila asubuhi, miaka ishirini na sita. Na huyo Sekela anayejua kuandika, nani alimlaza?"

Lugano hakusema "mimi ndiye". Alitazama saa ya ukutani.

"Waheshimiwa, naomba nirudi wodini. Nimeacha wanafunzi wanne vitandani tangu asubuhi, na sasa ni saa tisa."

"Una uzamili?" akaulizwa.

"Sina."

"Basi kaa chini. Hapa tunajadili ualimu."

Akakaa.

Haya, ninyi mnaojua kila kitu. Mmoja alisema neno, mmoja akalitenda, mmoja akaliandika. Je, nani alistahili kuitwa Mwalimu? Jibuni upesi, maana kikao bado kinaendelea, na wale wanne wanaita.