Mabibi Watatu na Vibuyu vya Uji

Hapo zamani, huko milimani kwenye mawe mengi kuliko mihogo, palikuwa na desturi. Akizaliwa mtoto wa kike, mabibi wa ukoo humpelekea mzazi uji, kila mmoja na kibuyu chake, bila kushikwa mkono. Atakayefika vizuri zaidi, mtoto huitwa jina lake.

Mbazi alipojifungua, mabibi walikuwa wamebaki watatu, wote wamepita miaka themanini. Kila mmoja alitaka jina lake libaki duniani. Alfajiri mvua ikaangusha gogo, ikatawanya mawe njiani. Vijana wakasema, "Bibi zetu, msiende, mtavunjika!" Walisema hivyo na magoti yao yamechubuka, maana walikuwa wameipita njia hiyo mbio.

Mabibi wakaenda.

Bibi Nanzia magoti yake yalikuwa hayainuki tena kwa uzee. Hakubishana na gogo. Aliuzunguka mlima mzima, safari ndefu mara mbili ya ile njia, bila kupumzika.

Bibi Namkunda alilivuka gogo salama, akakanyaga jiwe linalocheza. Akakumbuka kwamba nyuma yake anakuja Nakiete, asiyeona vizuri. Akainama, akalisukuma bondeni. Uji ukamwagika nusu.

Bibi Nakiete akaja polepole. Penye kizuizi alisimama, akatanguliza kibuyu ng'ambo, akapapasa kwa mguu, akavuka. Penye kingine, hivyohivyo.

Wote wakafika wima. Jamani, nani kati yetu angeweza?

"Sikumwaga hata tone," akasema Nakiete.

"Lakini umepoa," Nanzia akamchokoza. "Mimi nimefika wa kwanza, uji wa moto, na kibuyu sikukitua."

"Wewe umeikwepa njia, mwenzangu!"

"Nayajua magoti yangu. Ningevunjika, uji ungeletwa na nani?"

Namkunda akacheka. "Mimi nimemwaga, sikatai. Ila lile jiwe lingekuwepo, Nakiete, sasa hivi ungekuwa bondeni."

"Sikukuomba," akasema Nakiete. Kisha akamshika mkono, hakuuachia.

Mbazi akanywa vibuyu vyote vitatu huku machozi yakimtoka. "Bibi zangu," akasema, "mimi siwezi kuchagua."

Nami ninayesimulia nawapenda wote, tena hujikwaa kwenye kizingiti changu mwenyewe; nitawahukumuje? Mtoto yuko mapajani mwa Mbazi, analia, hana jina. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: je, aitwe Nanzia, Namkunda au Nakiete?