Mchoraji na Barua za Kilosa

Mchoraji mmoja alikuwa na rafiki aliyemthamini kuliko ndugu zake, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumwona uso. Mchoraji aliitwa Ambakisye. Alikaa Rungwe, katika nyumba iliyopakana na mashamba ya chai. Rafiki yake alikuwa Bi Tabitha, mjane mshona nguo wa Kilosa. Picha ya kwanza ya Ambakisye iliuzwa kwenye maonyesho ya wakulima, siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa amelala na malaria, na Bi Tabitha, aliyeinunua akiwa safarini kumjulia hali dada yake, aliacha anwani kwenye kipande cha karatasi. Ambakisye alipopona aliandika kushukuru. Akajibiwa, naye akajibu, na urafiki ukaanzia hapo.

Utaratibu wao haukubadilika. Kila miezi mitatu Bi Tabitha alituma kwa basi kipande cha kitambaa cha marekani cha kuchorea, amekikata mwenyewe na kukipiga pindo kwa cherehani yake, pamoja na makopo ya rangi. Ambakisye alichora picha moja ya watu wakiwa kazini, maana kitu kingine hakukipenda, akaipeleka Kilosa. Baada ya wiki tatu au nne ilikuja barua ya kueleza picha imeonekanaje, na ikiwa na kasoro picha ilirudi nayo ili airekebishe. Barua hizo hazikuwa na sifa nyingi. “Kaka Ambakisye,” ilisema mojawapo, “mwanamke huyu wa mtoni hajawahi kufua nguo. Mwenye kufua kila siku hana kucha kama hizi, na shuka hakamui peke yake akiwa na mwenzake hapo karibu.” Ambakisye aliisoma, akanuna siku mbili, siku ya tatu akachora upya. Picha ikapona. Mwaka hadi mwaka mkono wake ukawa wa kweli zaidi, na moyoni alisema kwamba katika nchi nzima yuko mtu mmoja tu mwenye macho.

Nyumbani kwake hakuona mwenye macho. Dirisha lake lilitazama njia ya kwendea shambani, na wachumaji wa chai walipopita walisimama wakachungulia. Aliyemuudhi kuliko wote alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Tusajigwe. Siku moja alikuwa akichora wafyatua matofali na tanuru lao, na mama huyo akasimama na kapu lake mgongoni, akatazama kwa muda mrefu.

“Fundi,” alisema, “hawa wako watajengea matofali mabichi? Kuni zinaingilia wapi?”

Ambakisye akafunga dirisha. Mwezi uliofuata picha ikarudi na barua kutoka Kilosa: tanuru halina midomo ya kuwekea kuni, hayo matofali hayataiva. Ambakisye alijipiga paji la uso kwa kustaajabia jinsi Bi Tabitha alivyo mwepesi wa kuona, akachora midomo mitatu siku hiyohiyo. Kwamba neno hilo alikwisha kulisikia, hakulikumbuka hata kidogo.

Alipotimiza miaka sitini na moja mguu wake mmoja ulianza kuvimba, na akaingiwa na hamu moja tu. Picha zake zote zilikuwa Kilosa, mia moja na mbili, ukiacha mbili zilizopotea njiani. Alitaka kuketi katika nyumba ya mtu aliyemwelewa na kuziona zimetundikwa pamoja, ili ajue kwamba maisha yake hayakwenda bure. Akaandika kwamba anakuja, akasafiri siku mbili.

Bi Tabitha alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kikohozi, na wali ulikwisha kuwa mekoni. Lakini Ambakisye aliingia sebuleni akaona kuta tupu. Palikuwa na kalenda, kioo, na ile picha ya kwanza ya maonyesho. Akauliza nyingine ziko wapi.

“Twende nikuonyeshe,” alisema Bi Tabitha, akavaa kandambili.

Picha ya wafuaji ilikuwa kwa mwanamke anayefua nguo za watu. Ya mafundi seremala ilikuwa karakanani, imechafuka kwa vumbi la mbao. Kwenye matanuru wanaume walipoambiwa mgeni ni nani waliacha kazi wakaja kumpa mkono, na mmoja wao, mwenye udongo hadi viwikoni, akacheka. “Kumbe ndiye wewe, mzee. Ulitaka tuchome matofali kwa jua? Mimi ndiye niliyemwambia huyu mama akuandikie.”

Hapo Ambakisye akaelewa. Kila picha ilipofika, Bi Tabitha aliibeba mpaka kwa watu wenye kazi hiyo, akaketi nao, akasikiliza, akarudi nyumbani kuandika waliyoyasema. Nao walipoiomba ile picha, aliwaachia.

Wakarudi nyumbani kwa Bi Tabitha. Huko Ambakisye akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba katika barua zile zote hakuna hukumu hata moja iliyokuwa yake. Bi Tabitha alimjibu kwamba yeye anajua pindo, picha hazijui. Alihofia kwamba akimtumia maneno mazuri asiyoyajua maana atamharibu, naye hakutaka kumharibu rafiki.

“Basi miaka yote hii,” alisema Ambakisye, “nimewachorea wafua nguo na wafyatua matofali.”

Bi Tabitha akamtazama. “Kwani ulikuwa unamchora nani, kaka?”

Ambakisye aliondoka bila kuonja ule wali. Mahali pale hilo ni tusi, naye alilijua.

Miezi tisa hakuandika. Marekani na rangi zilikuja kama kawaida, naye akaziweka pembeni bila kuzifungua. Zilikuja barua mbili, nazo hakuzifungua. Ya tatu aliifungua kwa sababu mwandiko wa juu ulikuwa umepinda. Ilisema kwamba kifua kimezidi, cherehani ameiacha, na kwamba hana lawama, ila angependa kujua kama mguu umepata nafuu.

Ambakisye aliisoma akiwa amesimama. Alitaka kujibu siku hiyo, lakini kuomba radhi kulimshinda. Akachukua kipande kimojawapo cha marekani akaanza kuchora mchuma chai, mwanamke katikati ya mistari ya kijani. Aliifanya kazi hiyo wiki mbili. Ilipokwisha aliitazama, na kwa mara ya kwanza hakujua kama ni kweli au ni uongo, wala hakuwa na wa kumuuliza.

Asubuhi hiyo Mama Tusajigwe alipita, akasimama kama alivyosimama miaka yote.

“Huyu anachuma ya kunywa mwenyewe,” alisema. “Mkono mmoja umeshika kapu, mmoja ndio unachuma. Kilo mbili hafikishi mpaka jioni.”

Mkono wa Ambakisye ulikuwa tayari kwenye ubao wa dirisha. Safari hii hakulifunga. Kisha akauliza, kwa shida, kama mtu anayeuliza njia katika mji aliozaliwa, “Mikono yote miwili inakwendaje?”

Mama Tusajigwe akadhani anadhihakiwa. Alipoona sivyo, alimwonyesha palepale njiani, kwa mikono mitupu: vidole vikibana, viganja vikijaa, na majani yakirushwa nyuma ya bega pasipo kugeuza shingo. Ambakisye akamfungulia mlango. Alichora, mama huyo amekaa kwenye kigoda nyuma yake, akimkosoa bila huruma mpaka saa sita.

Mchana akaandika Kilosa. “Dada Tabitha, nilikukosea. Picha hii inakuja imechelewa. Ilikuwa mbovu, na Mama Tusajigwe, jirani yangu, ndiye aliyeinyosha. Nimemfungia dirisha miaka ishirini.”

Jibu lilikuja baada ya siku kumi, mistari miwili tu. Alisema picha ameitundika kwake, hii hampi mtu. Na akaongeza: “Mama Tusajigwe msalimie, mwambie mtu kama yeye ndiye niliyekuwa namsubiri.” Waliandikiana hivyo miaka mitatu zaidi, mpaka mmoja wao alipozikwa.

Nawauliza ninyi mnaosikiliza. Yule aliyewaambia neno la kweli juzi mkamgeuzia kisogo, mlimkatalia kwa sababu neno lilikuwa baya, au kwa sababu ni jirani mnayejua anakokaa?