Neno Kuu la Mtawa Senkai

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo, kijiji kimoja kilikuwa na bibi mwenye busara, Bi Mwanate. Akaja mtawa kutoka Japani, Senkai, anatetemeka kwa homa, te-te-te, te-te-te. Bi Mwanate akamuuguza miaka miwili, na katika kumuuguza akajifunza lugha yake.

Mtawa alikuwa na ubeti mtakatifu, wa kufundishwa mdomo kwa sikio. Kila asubuhi aliuimba: kuuu, kuuu, kuuu.

Jumbe Shomari, mtawala wa kijiji, akisikia anavimba kichwa. Nani mkuu hapa kama si yeye? Akampa mtawa nyumba, akampa mbuzi. Wote wakaamriwa waimbe. Kuuu asubuhi, kuuu jioni. Yule Jumbe alipenda sifa kupita kiasi, mimi nasema wazi.

Siku ya karamu, mbele ya wageni, akamtaka Bi Mwanate aufasiri ubeti. Mtawa akamnong'oneza bibi aseme lolote la kumfurahisha mwenyeji. Homa ilikuwa haijaisha na mvua zilikuwa zinapiga. Akifukuzwa, atafia njiani. Bibi wa watu aliyajua hayo yote. Hata hivyo akasema:

"Jumbe, kwa lugha yake, kuu ni tupu. Mimi mtupu, wewe mtupu, vyote vitupu."

Tupu! Wageni wakajitazama kama wamevaa. Jumbe akaagiza mtawa atolewe saa ile ile.

Bi Mwanate akavuta ngoma ya karamu, akaipiga. Ndu! Ndu! Akauliza ndani mna nini. Wakajibu hamna kitu.

"Jumbe, nipe joho lako."

Akalipokea, akaipindua ngoma, akalishindilia lote ndani kwa upande ulio wazi. Akapiga. Pu. Pu.

"Sasa imejaa ukuu wako," akasema, "na hailii."

Jumbe akajitazama, amebaki na kikoi. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaamuru joho litolewe, ngoma ilie, na mtawa abaki.

Kisha akamuuliza, "Bibi, ungesema kuu ni mkuu, ningekupa shamba. Kwa nini hukusema?"

"Ningekuwa nimekupa neno langu, Jumbe. Wewe uliomba lake."

Basi nanyi mkitumwa maneno ya mtu, yafikisheni yalivyo, hata yakiwachoma ulimi. Hadithi yangu imefika mlangoni, naiacha hapo.