Viroba vya Mtaroni kwa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wakati hata Kiboko alikuwa na sebule na pazia mlangoni, mji wa wanyama ulikuwa ukikua mbio mbio. Nyumba ziliongezeka, walaji wakaongezeka, na taka, usiseme!

Wakubwa wa mtaa walijua pa kuzitupa. Walizifunga kwenye viroba, wakavibwaga puu! kwenye mtaro uliopita mbele ya nyumba ya Bi Nguchiro. Huyu alikuwa mjane, mdogo wa umbo, na nyumba yake ilikuwa shimo. Humo alilaza vitoto vitatu ambavyo hata macho vilikuwa havijafumbua.

Asubuhi moja wingu la masika likatanda. Mtaro ukiwa umeziba hivyo, maji yote yataingia shimoni. Bi Nguchiro akakimbilia kwa Kiboko, mwenyekiti wa mtaa.

"Hodi! Mwenyekiti, mvua hiyo inakuja. Ondoeni viroba vyenu, wanangu watakufa maji!"

"Vyetu?" Kiboko akapiga mwayo. "Kwani vina majina?"

Fisi, aliyekuwa hapo akinywa chai, akacheka mpaka akapaliwa. "Kwe kwe kwe! Si uhame, mama!"

Bi Nguchiro alikasirika, na mimi ningekasirika. Lakini hasira haizibui mtaro. Akasema kwa upole:

"Kweli, mwenyekiti, havina majina. Ndiyo maana leo adhuhuri nitawaita majirani wote, nivifungue kimoja kimoja mbele yao. Taka husema nani kala nini, na lini. Na pua yangu haijawahi kukosea."

Fisi akaacha kucheka.

Juzi wakwe zake walipomtembelea aliwapikia mchicha mtupu, akaapa kwamba nyama imeadimika mjini. Naye Kiboko alikuwa ametangaza kwamba mkungu wa ndizi wa harusi ya Twiga umeibwa na wezi wasiojulikana.

Bi Nguchiro hata hajafika kwake, tahamaki Fisi huyo, tifu tifu tifu! Akakwapua kiroba.

"Nimepita tu kukusaidia, jirani!"

Nyuma yake Kiboko, kalowa jasho chapachapa. "Hivi viwili ni vyangu. Usivifungue, tafadhali!"

"Mnavipeleka wapi?"

"Mtoni!"

"Hata mtoni pua yangu inafika. Maganda yafukieni migombani, yaoze. Mifupa ipondeni, iwe mbolea ya bustani ya mchicha. Chupa zisafisheni, mpelekeeni Nyani muuza mafuta. Kitu kikipata kazi hakisemi tena."

Wengine nao waliposikia, kila mmoja na siri yake, wakaja mmoja mmoja wakiangalia huku na huku. Kabla ya adhuhuri mtaro ulikuwa wazi.

Ngurumo, gudugudu! Mvua ikamwagika. Maji yakapita shwaaa mbele ya mlango, yakaenda zake. Bi Nguchiro akavipapasa vitoto vyake: vikavu, vimelala. Akashusha pumzi, akacheka na kulia kwa pamoja.

Mvua ilipokatika, Fisi akaja kanywea.

"Bi Nguchiro, niambie kweli. Kwenye kile changu uliona nini?"

"Mimi? Sikufungua hata kimoja, baba. Vilivyokuwa vikinuka vile!"

Basi wanangu, ulimi wangu na upumzike hapa, nanyi mshike hili: taka zako ni zako, hata ukizitupa mlangoni kwa mwenzio.