Sufi ya Upepo

Sufi ya upepo haijazi mto. Mmeisikia asubuhi hii kinywani mwa bibi yenu, pale mwenzenu Rehani alipolalamika kwamba ametuma mwaliko wake kwenye simu za watu wote anaowajua na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi, wala haikuanza enzi za wafalme na majini. Ilianza zama hizi hizi za barua pepe, mjini Muheza, kwa mwanamke mmoja mshona mito.

Mwanamke huyo aliitwa Mboni Shechambo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu kilichopakwa chokaa, na msimu ule misufi inapopasua matunda yake, hewa ya humo ndani iligeuka nyeupe. Sufi ilielea juu ya cherehani, ikatua kwenye nyusi za washonaji, ikakaa juu ya kahawa na kukataa kuzama. Waliokuja kununua mito walijikuta wanaongea kwa sauti ya chini, kama watu walioingia chumba cha mtoto mchanga aliyelala. Mboni hakuwauliza wanataka mto wa namna gani. Aliwapa kiti, akawawekea mto mezani, akawaambia walaze shavu. Kisha alisikiliza pumzi zao. Pumzi ikishuka, mto ulikuwa umempata mwenyewe.

Aliishi hivyo miaka mingi, mpaka ilipoingia mito ya sponji. Ilikuja imebanwa kwenye mifuko ya plastiki, ikapangwa barabarani kama matofali, na watu wakainunua wakiwa wanapita. Duka la Mboni likanyamaza. Washonaji wake wawili walianza kushona polepole ili kazi isiishe, naye alijifanya haoni. Usiku mmoja aliota amefungua mlango wa duka akakuta ndani kumejaa maji meupe, na mito yake yote inakwenda zake, mmoja mmoja, bila kuaga.

Ndipo alipokuja Sefu, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa amemaliza masomo ya biashara kule Tanga.

"Shangazi," Sefu alimwambia, "wateja hawajakuchukia. Wamekusahau tu. Tuwakumbushe."

Kwa miaka mingi wateja walikuwa wakiacha anwani zao za barua pepe ili waarifiwe mito yao ikiwa tayari. Sefu alizikusanya zote. Kisha akatengeneza kipeperushi kizuri mno: anga la buluu iliyokolea, mwezi uliofumba macho, na mito inayoelea kati ya mawingu. Juu yake aliandika, LALA KAMA MALAIKA. Mboni alikitazama kwa muda mrefu. Kilifanana na kitu alichowahi kukiona utotoni, akiwa na homa, mama yake akimpepea.

Sefu akabonyeza.

"Kimekwenda?"

"Kimefika tayari, shangazi. Kwa wote, kwa mara moja."

Mboni alitoka nje akatazama juu. Aliwaza vipeperushi vile vikipita juu ya mashamba ya mkonge, vikishuka taratibu kwenye mapaa ya watu, kila mmoja akiinua uso na kukumbuka shavu lake lilivyotulia katika chumba kile cheupe. Akarudi ndani kuwasubiri.

Hawakuja. Sefu akatuma kingine, chenye nyota. Akatuma kingine tena. Majibu machache yaliyorudi yalisema, "Tafadhali niondoeni." Mshonaji mmoja, Bi Zubeda, aliaga kwa upole, akaenda kumsaidia muuza sponji. Sefu hakukata tamaa. Msimu wa harusi ulipokaribia alituma kipeperushi chenye maua mekundu, kilichouliza: MPENZI WAKO ATALALA WAPI KAMA SI KWENYE MTO WA MBONI?

Hicho kilijibiwa. Sefu alianza kuusoma ujumbe kwa sauti, akafika katikati akaacha, akamsogezea shangazi yake asome mwenyewe.

"Ndugu wauza mito, mmeniuliza mpenzi wangu atalala wapi. Tunu wangu amelala udongoni, huku Amani, tangu mwezi wa Shaabani. Mto mliomshonea ninao. Msiniulize tena. Kaniki."

Mboni aliketi. Alimkumbuka Bi Tunu vizuri sana. Alikuja na mumewe, akalaza shavu mezani ili ajaribu mto, akapitiwa na usingizi palepale. Mumewe hakumwamsha. Alisimama kando yake mchana kutwa na kofia mkononi, na kila mteja aliyeingia alimwashiria atembee kwa ncha za vidole.

"Mashine haijui nani kafa, shangazi," Sefu alisema. "Nitamfuta jina lake. Yaishe."

"Usimfute," Mboni alijibu. "Nitakwenda."

Alikwenda kesho yake. Hakujua mtu aliyemkosea mfiwa humchukulia nini, kwa hiyo alibeba kitu pekee alichokuwa nacho, mfuko wa sufi mpya. Basi lilipanda milima ya Amani likiingia na kutoka kwenye ukungu. Msitu ulijitokeza, ukafutika, ukajitokeza tena, hata Mboni akawa hana hakika kama amelala au yuko macho.

Mzee Kaniki alikuwa ameketi barazani kwake, juu ya bonde la majani ya chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Makiwa."

"Tunayo, mwanangu. U nani?"

"Mimi ni Mboni. Mboni wa mito."

 Ukungu ulipita kati yao, na Mboni alidhani utakapokwisha kupita atakuta mlango umefungwa. Lakini mzee alikuwa bado yupo, anamtazama.

"Nimekuja kukuomba radhi," Mboni alisema. "Ile barua ilikufikia wewe, lakini haikuandikiwa wewe."

"Aliandikiwa nani?"

Mboni alifikiri. Alitaka kumjibu kweli. "Hakuna, mzee. Tuliwaandikia watu wote."

Mzee Kaniki alitikisa kichwa polepole. "Unajua kilichoniuma? Si maneno yenyewe. Simu ilipolia nikaona jina la duka lako, moyo uliniruka. Nilidhani unamuulizia Tunu."

Mboni alifunika uso kwa mtandio wake.  Mzee aliinuka mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na mto ameukumbatia. Ulikuwa umebonyea, mwembamba kama chapati.

"Ninaulalia mimi sasa, lakini usingizi hauji," alisema. "Umekwisha. Na mwingine siutaki."

"Si lazima upate mwingine. Naweza kuongeza sufi mpya bila kuitoa ile aliyoilalia yeye. Zitakaa pamoja humo ndani."

Mzee aliushikilia kidogo, kisha akampa.

Mboni alichomoa sindano yenye uzi aliyozoea kuichomeka kwenye gauni lake, akafumua mshono wa ncha moja, polepole. Akafungua mfuko wake wa sufi, na wakati huohuo upepo ulipanda kutoka bondeni. Sufi mpya iliinuka. Ilizunguka barazani kama pumzi ya mtu mkubwa aliyelala, ikatoka nje, ikatawanyika juu ya majani ya chai mpaka bonde zima likawa na madoa meupe yanayotembea. Mzee Kaniki aliruka kutoka kitini. Akaanza kuidaka huku na huku, mikono yote miwili juu, kanzu inampepea, na kila alipofumbua kiganja hakukuta kitu. Mara akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti iliyokwaruza, ya mtu ambaye hajacheka siku nyingi, machozi yanamtoka.

"Iache, mzee," Mboni alisema, naye anacheka. "Sufi ya upepo haijazi mto. Njoo tujaze hii iliyobaki mkononi."

Wakaketi, wakajaza. Konzi moja, wakaitandaza. Konzi nyingine, wakaitandaza. Mzee alikuwa akisimulia habari za Tunu: jinsi alivyogombana na kuku, jinsi alivyokoroma na kukataa kwamba anakoroma. Mboni alikuwa na mkono ndani ya mto, anachanganya ya zamani na mpya, maneno yake mwenyewe yalipomrudia. Mkono ulisimama. Aliona anga la buluu la Sefu, na mwezi wake uliofumba macho, na vile vipeperushi vyote vizuri vinavyopita juu ya mapaa bila kutua popote.

Alipomaliza kushona, mzee aliuweka mto kwenye mkono wa kiti, akalaza shavu. Mboni alisikiliza. Pumzi ilishuka. Alikaa naye barazani, ukungu ukija na kuondoka, mpaka bintiye mzee aliporudi kutoka shambani na kumkuta baba yake amelala, na mgeni asiyemjua amejiwekea kidole mdomoni kumwashiria anyamaze.

Mboni aliporejea Muheza, Sefu alikuwa na kipeperushi kipya cha Idi.

"Kiweke kando," Mboni alimwambia. "Leo tumwandikie yule mama wa Korogwe, aliyekuja mjamzito akitaka mto wa kuegemea. Muulize kama alijifungua salama."

"Mmoja tu, shangazi? Na wengine wote?"

"Sufi ya upepo haijazi mto, mwanangu." Akamsimulia yaliyotokea kule barazani.

Sefu alimtazama shangazi yake, akatazama kidole chake juu ya kitufe. Akakiondoa. Akaandika jina la yule mama, kisha akauliza, "Alikuwa anapenda mto mgumu au laini?"

Jibu lilikuja jioni ileile: mapacha, na picha yao wamelalia mto mmoja. Baadaye waliandikiwa wengine, kila mtu kwa jina lake na habari yake. Wapo waliojibu kwa salamu tu na hawakununua kitu. Wapo waliokuja na mito yao iliyobonyea, wakiomba iongezewe sufi. Bi Zubeda hakurudi, na mito ya sponji ingali inauzwa barabarani hadi leo. Lakini duka la Mboni halikufungwa, na chumba kile kiliendelea kuwa cheupe.

Sefu alirudi Tanga na maneno yale, akawa anawaambia wenzake kazini. Wenzake wakawaambia wake zao, na hivyo yakatufikia sisi. Anayeambiwa hivyo asidhani anakemewa. Anaambiwa ashushe mikono, aache kuidaka hewa, aketi na mtu mmoja aliye mbele yake, aanze na konzi moja. Kwa maana sufi ya upepo, wajukuu zangu, ni nzuri kuitazama, lakini sufi ya upepo haijazi mto.